Muulize Tabibu: Nani Alimwona Akianguka?

*Shikamoo Tabibu. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini. Kijana wa miaka 19 ameanguka mara mbili mwezi huu, mara ya pili akajikojolea. Ndugu zake wanasema ni kifafa na wanataka dawa leo leo. Kituo chetu hakina kipimo cha umeme wa ubongo. Nimwanzishie?* – Muuguzi Mgeni

Marahaba, mwanangu. Kabla hujafungua kabati la dawa, mtafute aliyemwona akianguka. Mgonjwa hawezi kukusaidia sana hapo. Mwili wake ulikuwapo, yeye hakuwapo. Na huyo shahidi usimwulize kama kilikuwa kifafa. Mwambie aigize. Wengi huona haya mwanzoni, lakini akishaanza kukunja mikono na kugeuza shingo utapata usichokipata kwa maswali ishirini. Kama kuna aliyerekodi kwa simu, umebahatika.

Alikuwa amesimama muda mrefu? Alipauka, akatokwa jasho, akasema macho yanaingia giza? Anayezimia kwa sababu damu imepungua kichwani hulegea kama nguo iliyoanguka kambani. Akishalala chini damu inarudi, naye anazinduka upesi, anawatambua watu na kuona aibu. Anaweza kurusharusha mikono kwa sekunde chache, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mwenye degedege kubwa la kifafa hukakamaa kwanza, pengine kwa ukelele, kisha viungo vinapigapiga kwa dakika moja hadi tatu. Baadaye hukoroma, na akiamka hajui yuko wapi. Mfungue kinywa: jeraha la ubavuni mwa ulimi lina uzito. Kujikojolea hakuamui kitu, hata anayezimia hujikojolea.

Nakwambia haya kwa sababu nilikosea. Nikiwa na umri kama wako nilimwandikia msichana mmoja "kifafa" kwenye kadi, nikampa fenobabitoni. Aliinywa miaka minne, akisinzia darasani. Siku moja akaja na shangazi yake, mwanamke mwenye maneno mengi, ambaye mimi sikuwahi kumuuliza neno. Akasema, "Huyu huanguka akiona damu tu, tangu mdogo." Tuliipunguza dawa taratibu hadi ikaisha, na degedege halikuja. Kadi ile bado naikumbuka na mwandiko wangu.

Basi mpime kijana wako sukari, joto, na presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Kunja shingo yake uone kama imekaza. Muulize kuhusu pombe, hasa kama ameiacha ghafla. Kama alianguka akiwa anakimbia, au kwao kuna kijana aliyekufa ghafla, fikiria moyo na umpe rufaa apimwe umeme wa moyo.

Ukiona hadithi yote inaangukia kifafa, yaani degedege mbili zisizo na kichochezi, kama homa, sukari kushuka au kuacha pombe ghafla, zilizopishana zaidi ya saa 24, usijione mnyonge kwa kukosa mashine. Kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kutoka safi kwa mtu mwenye kifafa kamili. Anza dawa moja, dozi ndogo, uipandishe polepole. Fenobabitoni inatumika kwa kifafa tangu 1912 na bado inafanya kazi, ingawa inasinzisha. Kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba, usiandike valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakitibiwa vizuri, lakini lazima waijue hatari ya kuikatisha dawa ghafla siku wanapojiona wamepona.

Ndugu zake nao wafundishe hapo hapo: wasimtie kijiko mdomoni, wasimshikilie kwa nguvu, wamwondolee vitu vya kumuumiza, degedege likiisha wamlaze ubavu, na watazame saa. Likipita dakika tano ni dharura. Povu haliambukizi. Hilo lirudie hata kama wanatikisa kichwa kukubali.

*Tabibu, nina miaka 41. Kichwa kinaniuma karibu kila siku kwa mwaka sasa. Nilianza na kipandauso cha mara moja moja. Nameza parasetamoli asubuhi na jioni, inatuliza kidogo kisha maumivu yanarudi. Nipime ubongo?* – Baba Wawili

Ndugu yangu, barua yako imetaja dawa mara moja na mimi nimeisoma mara tatu. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa hizo hizo. Najua inaudhi kuambiwa hivyo na mtu anayeumwa ni wewe. Nenda kituoni ukapimwe presha na uchunguzwe, kisha mpange pamoja namna ya kuziacha. Siku za kwanza kichwa kitauma zaidi. Ukilijua hilo mapema hutarudi dukani usiku. Weka daftari: siku, maumivu, ulichomeza. Kipandauso cha zamani kikibaki, kuna dawa za kukizuia.

Picha ya ubongo huwa naiomba mambo yakiwa tofauti na yako: maumivu yanayolipuka na kufikia kilele ndani ya dakika moja, homa na shingo kukaza, mkono kukosa nguvu, kuona vibaya, au maumivu mapya ya kichwa kwa mtu aliyepita miaka 50. Ukipata lolote kati ya hayo usisubiri miadi.

*Dada yangu ameamka uso umepinda, jicho la kulia halifumbi. Mikono na miguu ni mizima. Ni kiharusi?* – Mdogo Mtu

Nimekujibu kwa simu siku ile ile, na nakuomba wewe na wasomaji wengine: uso ukipinda msiliandikie gazeti, nendeni hospitali mara moja. Naeleza tu tunachotazama. Tunamwambia mgonjwa akunje kipaji. Kikikunjamana pande zote mbili huku mdomo umepinda, tunahofia kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina dirisha la saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze. Upande ule mbovu ukibaki laini mpaka juu, kama wa dada yako, kwa kawaida ni mshipa wa fahamu wa uso uliovimba. Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Jicho lake aliwekee matone mchana, na usiku alifumbe kwa plasta, lisikauke.