Vitumbua vya vanila

Shikamoo shangazi. Nauza vitumbua hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa sita sasa. Mwezi uliopita niliacha iliki nikatia vanila, na ile ndoo yangu ya bluu nikaibadilisha kwa hotpoti mpya. Majirani walioonja walivisifu, lakini wateja wa asubuhi wamepungua. Nimekosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kosa hilo liliwahi kuwapata hata wakubwa. Aprili 1985, kule Marekani, Coca-Cola walibadilisha ladha ya soda yao. Walikuwa wameonjesha watu karibu 200,000, na wengi walipenda ile mpya. Ilipoingia madukani, watu wakaja juu, simu za malalamiko zikamiminika, na baada ya siku 79 ladha ya zamani ikarudishwa. Waonjaji waliulizwa kipi kitamu zaidi. Wengi wao hawakuulizwa kama wako tayari kukikosa walichokizoea. Majirani zako nao ndivyo ulivyowauliza.

Na ile ndoo usiidharau. Mimi nilikuwa na mama yangu wa mihogo ya kukaanga, nikimtambua kwa mwavuli wake wa kijani. Siku alipouondoa nilimpita mara mbili, nikidhani hajaja kazini, nikarudi nyumbani na njaa yangu.

Kesho rudisha iliki, rudisha na ndoo ya bluu, ukae palepale. Vya vanila weka vichache kwenye sahani pembeni, na anayevitaka avitaje mwenyewe.