Kivuli cha saa sita kilivyoniaibisha

Jumanne usiku kijana mmoja aliniandikia. Alikuwa ameikuza picha ya Mary Moorman, ile aliyoipiga Rais Kennedy wa Marekani akiuawa, mpaka ikabaki vumbi jeusi na jeupe, akachora duara jekundu nyuma ya uzio wa mbao, pale baadhi ya watu wanapodhani muuaji wa pili alijificha, akaandika: "KAKA NIMEMWONA. ANAYO BUNDUKI. Nimpelekee nani?" Nikalitazama lile duara kama dakika kumi, na nikiri, dakika ya tisa na mimi nilianza kumwona.

Ndiyo maana naandika leo. Wengi mnaonisoma mna ugonjwa huuhuu wangu. Mchana mnafundisha, mnauza vipuri, mnahesabu fedha za watu benki, na usiku mnarudi Dallas, Novemba 22, 1963, saa sita na nusu mchana, pale Dealey Plaza alipopigwa risasi. Sina haja ya kuwaeleza gari la Kennedy lilikata kona wapi kuingia Elm Street. Mtaa huo mnaujua kuliko mitaa ya Dodoma.

Mimi ugonjwa niliuokota nyumbani. Mzee wangu alikuwa na studio ya picha Morogoro, chumba kimoja cha kupigia na kingine cha giza, cha kusafishia. Ukutani, kati ya pazia lililochorwa mlima na kioo cha kuchania nywele, alibandika picha aliyoikata kwenye gazeti: Mwalimu Nyerere na Kennedy, Julai 1963, Mwalimu alipokwenda Ikulu ya Marekani. Miezi minne baadaye mwenyeji wake akauawa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mzee nani aliyemuua yule mzungu. Akasema, "Shika hilo beseni vizuri, dawa itamwagika." Swali langu halijajibiwa mpaka leo, na limenila miaka kumi na moja.

Miaka miwili ya mwanzo naipita. Nilisoma, nikahifadhi mafaili, nikamaliza bando. Mnajua.

Mwaka wa tatu nikaona jambo. Picha za siku ile zipo nyingi, maana watu kadhaa walikwenda kumpokea Rais na kamera zao, na katika nyingi nilizozitazama vivuli vya watu vilikuwa virefu. Mtu amesimama kwenye nyasi, kivuli chake kinamzidi kimo. Nami mtoto wa Morogoro nakijua kivuli cha saa sita, mtu unakikanyaga mwenyewe. Kivuli kinachokuzidi kimo ni cha saa tisa na nusu kwenda saa kumi, wanafunzi wakiwa njiani kurudi makwao. Basi nikajiambia, hizi hazikupigwa saa sita na nusu. Zilipigwa alasiri, na watu wa kuigiza, na dunia nzima imedanganywa isipokuwa mimi.

Sikulala. Nilipima vivuli kwa rula ya plastiki juu ya kioo cha kompyuta. Niliandika kurasa kumi na nne kwa Kiingereza changu cha kamusi, nikawatumia watafiti wenzangu wa ridhaa wa Marekani na Uingereza, watu kama thelathini niliokuwa nikiandikiana nao, kisha nikaziweka na hapa. Nikamwambia mke wangu ajiandae, huenda tukaitwa.

"Tukaitwa wapi?" akauliza.

Jibu lilikuja kabla ya chai. Mzee mmoja wa Texas aliandika mistari miwili: huko kwenu jua hupita utosini, huku kwetu Novemba halifiki, toka nje upime. Akamalizia na kicheko.

Nilipopima, kwa hesabu badala ya hasira, mambo yalikuwa hivi. Dallas iko nyuzi 33 hivi kaskazini mwa ikweta. Tarehe 22 Novemba jua limeshahamia kusini, nyuzi 20 upande wa huku kwetu, kwa hiyo saa sita na nusu mchana mtu wa Dallas analiona nyuzi 37 tu juu ya upeo wa macho. Mtu wa sentimita 170 anatupa kivuli cha zaidi ya mita 2. Siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, mtu wa kimo hicho akisimama Morogoro kivuli chake hakifiki nusu mita. Vivuli vyangu "vya alasiri" vilikuwa ushahidi mzuri kabisa kwamba picha zilipigwa saa sita na nusu. Nilikuwa nimethibitisha kile nilichokikana, kwa kurasa kumi na nne.

Wale thelathini wakanipa jina. Bwana Kivuli. Mpaka mwaka jana kuna mtu alinisalimia hivyo katika barua, akidhani ndilo jina langu la ukoo. Nimesamehe. Lakini nitasema: yule mzee angeweza kuniandikia pembeni.

Na uchungu zaidi ni kwamba jibu lilikuwa studio kwa mzee wangu. Hakuwahi kupiga harusi nje saa sita. Bibi harusi wafike na vigelegele vyao, atawakalisha kwenye mabenchi mpaka saa kumi, kwa sababu jua la utosini huwatia watu giza machoni, wote wakatoka kama mafuvu. Nilikua nikilisikia hilo kila Jumamosi. Nilipokutana na picha za watu waliopigwa saa sita na nusu mchana, macho yao yanaonekana na vivuli vimelala nyasini, sikujiuliza jua la wapi hilo. Nikakimbilia njama.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, na kama utasahau mengine shika huu: kabla hujamshuku mtu aliyemo pichani, jua picha ilipigwaje. Jua liko wapi, kamera gani, mkanda gani, nakala ya ngapi.

Ungedhani nilikoma. Mwaka uliofuata niligeukia mkanda wa Abraham Zapruder. Yule alikuwa mfanyabiashara wa nguo; alipanda juu ya nguzo fupi ya zege na kamera yake ya Bell & Howell ya milimita 8, na kwa kuwa urefu ulimtia kizunguzungu, mfanyakazi wake Marilyn Sitzman alisimama nyuma akimshikilia. Alichokirekodi ni fremu 486, yaani picha mojamoja za mkanda, sekunde 26 na ushei. Nami nikapakua video yake, nikaipitia fremu moja moja, na nikakuta fremu zinazofanana kabisa, mbili mbili. Gari halisogei! Moyo ukaanza kunienda mbio kama mara ya kwanza. Gari lilisimama, nikasema, dereva alilisimamisha, au kuna mtu amepachika fremu.

Safari hii sikuandika kwa mtu. Niliifungia kabatini wiki nzima, na siku ya nne nikaona kwamba zile pacha zinakuja kwa mpigo, karibu mbili katika kila tano, tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale gari linapokwenda. Kamera ya Zapruder ilikuwa ikichukua fremu 18.3 kwa sekunde. Video yangu ilikuwa ya fremu 30 kwa sekunde. Hizo kumi na mbili za nyongeza zilitoka wapi? Mashine iliyogeuza mkanda kuwa video ilizirudia ili kujaza nafasi. Nilikuwa nahesabu video nikidhani nahesabu mkanda.

Hakuna aliyejua. Nilijipikia ndizi za nazi siku hiyo, nikala peke yangu kwa furaha.

Na gari kweli lilipunguza mwendo. Luis Alvarez, mwanafizikia wa California aliyepata Nobel mwaka 1968, alizikalia fremu hizo na rula zake, akapata kwamba lilishuka kutoka kama maili 12 kwa saa hadi 8, muda mfupi kabla ya risasi ya kichwani, ile ya fremu ya 313. Yeye ndiye aliyefunga matikiti kwa utepe na kuyapiga risasi kuona yataangukia upande gani. (Yalirudi upande wa mpigaji. Mke wangu amenikataza kujaribu.) Ninachompendea ni kwamba alitoka nje akapima. Toka nje upime. Namchukia yule mzee wa Texas kwa kuwa alisema kweli.

Sasa ngoja nijisifu kidogo, nimevumilia vya kutosha. Miaka miwili iliyopita ilizunguka picha ya umati wa Dallas, na wakubwa wa fani hii, watu wenye vitabu majumbani kuliko maktaba ya wilaya, walikuwa wakibishana ni kona gani ya mtaa. Mimi niliangalia makoti. Wanaume wote walikuwa wamefunga vifungo upande wa kike. Mtu mmoja, sawa, kakosea fundi. Wanaume wote? Mkanda uligeuzwa wakati wa kusafishwa, kulia kukawa kushoto. Ndani ya saa moja ubishi ulikwisha. Kosa hilo mzee alikuwa akinichapa nalo: negativu ikilazwa kinyume, ngozi ya dawa upande usio wake, mteja anapata pasipoti yenye kovu la shavu lisilo lake. Hakuna aliyeniita Bwana Kivuli siku hiyo. Hakuna aliyeniita Bwana Vifungo pia, ningelipenda.

Basi rudini kwenye nakala ya kwanza. Nilishasema? Nasema tena. Mkanda wa Zapruder wenyewe, baada ya gazeti la Life kuununua kwa dola 150,000, uliharibiwa na mikono ya waliokuwa wakiushughulikia, na fremu za 208 hadi 211 hazimo tena kwenye mkanda halisi. Juzuu za Tume ya Warren, ile ya serikali iliyochunguza mauaji hayo, zilichapisha fremu za 314 na 315 zikiwa zimebadilishana nafasi, kichwa kikaonekana kikienda mbele badala ya nyuma, na Hoover, mkuu wa FBI, akaja kueleza kwamba lilikuwa kosa la uchapaji. Nyaraka za serikali hizo! Sembuse picha yako iliyopita kwenye simu za watu hamsini, kila simu ikiibana kidogo.

Na muwaogope watu wenu wa pichani, maana ni watu. Mwanaume aliyefungua mwavuli siku ya jua kali, gari la Rais likipita, alisemwa miaka kumi na mitano kuwa alikuwa akiwapa wauaji ishara. Wengine walisema mwavuli wenyewe ni bunduki. Mwaka 1978 Louie Steven Witt alifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na mwavuli wake. Alikuwa akimzomea Kennedy kwa sababu ya baba yake, Joseph, aliyekuwa balozi Uingereza na kumuunga mkono Chamberlain, waziri mkuu wa huko aliyejulikana kwa mwavuli wake, alipokuwa akimbembeleza Hitler. Nani kati yetu angelikisia? Na yule aliyesimama mlangoni mwa ghala la vitabu katika picha ya James Altgens, aliyefanana na Oswald, yule aliyeshtakiwa kwa mauaji? Alikuwa Billy Lovelady, mfanyakazi mwenzake, ambaye alisema mwenyewe kuwa ni yeye na bado akabishiwa uso wake.

Ninyi mnaochora duara jekundu, mnajua mnamchorea nani?

Nimekuwa mkali, najua. Huyu kijana nilimjibu kwa upole. Nilimwambia picha ya Moorman ni ya Polaroid, ndogo kiasi cha kukaa kiganjani, imefifia, na ina alama ya kidole gumba. Nilimwambia kwamba miaka ya 1980 watafiti wawili walimwona mtu palepale, mwenye kitu kama beji kifuani, na waliokuja kupima walisema kama ni mtu wa kimo cha kawaida basi alikuwa mbali nyuma ya uzio, akielea hewani. Nikamwambia asimpelekee mtu yeyote kitu kwa wiki moja. Mwishoni nikamuuliza swali moja tu: hiyo nakala umeitoa wapi?

Amejibu asubuhi hii. "WhatsApp, kaka. Kuna kundi la shemeji yangu."