Kabla Hujanunua Deki ya Kaseti, Tafuta Kwanza Kanda Usiyoipenda

Juzi dada mmoja wa Singida alinitumia picha mbili za deki ya kaseti aliyoiona alipokuja Dodoma, akauliza kwa ufupi: "Dada yangu, hii inafaa? Nina kanda za marehemu baba, nataka kuziingiza kwenye kompyuta." Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikaifuta. Swali hilo lina gharama yake, na mimi nimeshailipa.

Mwezi uliopita nimemaliza kaseti ya 43, ya mwisho kwenye sanduku la bati la baba. Nasema kwa fahari, kwa sababu sanduku hilo lilinusurika kuchomwa. Baba alikuwa mwalimu Mvumi, na redio kaseti yake aina ya National ilirekodi kila kitu: kwaya, harusi, vikao vya ukoo, hata mvua ikipiga bati. Tulipogawana vitu baada ya msiba, kaka yangu mkubwa alisema mbele ya wajomba kwamba nabeba takataka. Sijasahau neno hilo. Nililibeba sanduku mapajani mpaka kwangu Nkuhungu, Dodoma mjini.

Kaseti moja ya dakika 60 ilikuwa na mwandiko wa baba kwa wino wa bluu: "Mama 1989". Huyo ni bibi yangu. Anaanza kwa "Mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, kama vile sisi ndio tumebisha hodi kwake, halafu anasimulia njaa aliyoipitia akiwa binti, halafu anapiga muheme, ngoma ambayo kwetu Ugogo hupigwa na wanawake. Dunia ilimjua mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki 2003 akiwa ameshaufikisha muziki wa Wagogo mbali sana. Bibi yangu hakujulikana nje ya Mvumi. Alichobaki nacho ni ule utepe tu, usiofika upana wa milimita 4.

Sasa sikilizeni kosa langu. Deki ya kwanza nilinunua kwa shilingi 85,000. Ilikuwa ya milango miwili, kubwa, ina taa zinazopanda na kushuka kwa kufuata sauti. Muuzaji aliweka kaseti yake, muziki ukatoka, nikalipa. Nilipofika nyumbani sikuwa na subira. Kaseti ya kwanza kuiweka ilikuwa ile ya bibi.

Dakika ya nne sauti ilianza kuzama, kama mtu anayeongea huku akishushwa kisimani. Kisha kimya, na mashine bado inazunguka. Nilipofungua mlango utepe ulikuwa umejiviringisha kwenye kigurudumu cha mpira, tabaka juu ya tabaka, mweusi na unaong'aa. Nilikaa sakafuni saa nzima na kibanio cha nyusi, nikiuchomoa sentimita kwa sentimita. Ulitoka umekunjamana kama karatasi ya pipi. Niliunyoosha kwa vidole, nikauhamishia kwenye ganda jingine la kaseti lenye skrubu tano, na karibu kila kitu kikarudi. Hakikurudi kipande kimoja cha sekunde 11. Bibi anasema, "Mama yangu mimi aliitwa…" halafu inasikika mikwaruzo tu. Hakuna aliye hai anayelijua jina hilo. Nimeshauliza.

Fundi alinifafanulia baadaye kilichotokea, nami nimekuja kukiona kwenye deki nyingi. Ndani ya deki kuna kijiti cha chuma kinachozunguka, na kigurudumu cha mpira kinachoubana utepe kwenye kijiti hicho ili usogee mwendo mmoja, sentimita 4.76 kwa sekunde. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu na unang'aa. Kwa upande mwingine kuna mkanda wa mpira unaozungusha kile kijino cha kuukusanya utepe uliokwisha kusomwa. Mkanda huo ukilegea, utepe unaendelea kusukumwa lakini haukusanywi. Unarundikana, unanata kwenye kigurudumu, unazungushwa nacho. Ndivyo deki inavyokula kanda. Taa hazikuambii lolote juu ya hayo.

Kwa hiyo ukienda kununua, usitazame ukubwa wala taa. Nenda na kaseti usiyoipenda. Mimi nina moja ya kwaya yenye kinanda, nilipewa bure, hata ikiliwa silii. Kinanda kinafaa kwa sababu noti ndefu haijifichi: kasi ikiyumba, noti inayumba nayo. Mwambie muuzaji afungue mlango, umulike ndani kwa tochi ya simu. Mpira uwe mweusi usiong'aa, usio na ufa. Kisha icheze kanda mwanzoni, katikati na karibu na mwisho, maana mashine dhaifu huchoka pale ambapo upande mmoja umeshakuwa mzito. Rudisha kanda yote nyuma kwa kasi. Isikwame wala isipige kelele. Muuzaji akikwambia hana muda wa hayo yote, ondoka. Mimi niliona haya kumsumbua muuzaji, na haya yangu ilinigharimu jina la mama wa bibi yangu.

Chukua ya mlango mmoja. Deki nyingi za milango miwili zilitengenezwa kwa ajili ya kunakili, na fedha ambayo ingeingia kwenye mtambo mmoja mzuri iligawanywa kwa miwili. Zile zinazojigeuza upande zenyewe nazo naziepuka, kwa sababu hedi yake, kile kipande kinachousoma utepe, inageuka kila mara na kuhamahama. Vile vidude vipya vya plastiki vya kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta nimevijaribu viwili: sauti inayumba kama mtu kwenye mtumbwi. Deki ninayotumia sasa ni Yamaha ya mlango mmoja niliyoipata Dar es Salaam kwa 150,000, nikaongeza 20,000 kwa fundi abadilishe mikanda. Sijajuta hata shilingi moja.

Jambo lililonipa furaha kuliko yote ni skrubu ndogo pembeni ya hedi. Kila redio kaseti ilirekodi hedi yake ikiwa imeinama kidogo kwa namna yake, na deki yako ikiinama tofauti, sauti nyembamba zote zinapotea. Nilidhani kanda za baba zimechakaa. Usiku mmoja nikashika bisibisi ndogo, nikavaa hedifoni, nikaigeuza skrubu ile polepole sana, chini ya robo mzunguko, huku kaseti inacheza. Bibi alitoka nyuma ya pazia. Nikasikia "s" zake, nikasikia kucha yake ikigusa ngozi ya ngoma kabla ya kiganja. Tangu hapo naifanya kwa kila kaseti, moja baada ya nyingine, mpaka sauti ing'ae. Na kitufe cha Dolby, cha kupunguza mvumo wa kanda, nimekizima, kwa sababu redio ya baba haikuwa nacho. Ukikiwasha kwa kanda kama hizo kinafunika sauti.

Yaliyobaki ni mepesi. Toa sauti kwenye matundu ya nyuma ya waya mwekundu na mweupe, ipitishe kwenye kidude cha sauti cha USB, si tundu la maikrofoni la laptopu, urekodi kwa programu ya Audacity. Hifadhi kwanza kama WAV, faili la sauti isiyobanwa; dakika 90 zinakula karibu MB 950. Na kabla ya yote, vunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili usije ukarekodi juu yake.

Vumbi la Dodoma mnalijua. Safisha hedi kila baada ya kaseti tatu kwa pamba na spiriti kali ile ya mafundi simu ya kusafishia bodi. Tina na petroli usiviguse. Kigurudumu kifute kwa maji yenye sabuni kidogo.

Na ninyi mnaokwenda vijijini kila Krismasi, mkapiga picha na wazee mkarudi mjini, fungueni makabati yao. Ulizeni ziko wapi kaseti. Mnaviita vitu hivyo uchafu kwa sababu hamjavisikiliza. Kaka yangu naye, nilipomtumia sauti ya bibi kwenye simu, hakujibu siku nne. Siku ya tano aliomba nimtumie tena, na zile za kwaya pia. Msamaha hajaomba mpaka leo.

Sasa picha zako, mdogo wangu. Ya kwanza ni nzuri, mlango mmoja, imetunzwa. Ya pili inaonyesha nyuma, nimeikuza: pameandikwa 100V. Hiyo ni ya Japani. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 inaungua hapo hapo, kwa hiyo hesabu na bei ya kishushia umeme, na muuzaji aijaribu kwa kishushia hicho hicho ukiwa umesimama hapo. Kigurudumu hakionekani kwenye picha. Rudi na kaseti yoyote ya kinanda, umulike ndani, kisha unipigie muuzaji akiwa anaicheza. Weka simu karibu na spika, nitaisikiliza na wewe.