Kabla ya kumwaga zege: namna ya kuchagua diko la mtoni

Watu wakitaka diko jipya, yaani mahali pa kushushia vyombo majini, swali la kwanza huwa ni mifuko mingapi ya sementi. La pili, gari litafikaje. Mto wenyewe unakumbukwa mwisho. Nimeshiriki kupanga sehemu ya kushushia vyombo kwenye Mto Lukuledi, huku chini unakokaribia ghuba ya Lindi, kusini mwa Tanzania, na kwa kikundi chochote kinachowaza kazi hii ninasema hivi: kaukagueni mto ukiwa katika hali yake mbaya kabisa, kwanza umekauka, kisha umefurika. Mahali panapovumilia hali zote mbili ndipo penu, hata kama barabara iko mbali kidogo.

Tuanze na kukauka. Lukuledi ya chini ni nusu mto, nusu bahari. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwa pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Basi subiri siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama, nenda saa hiyo. Ule ukingo uliokupendeza jana jioni, maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye majani, utakuta ni uwanda wa tope na mkondo umejificha kule mbali. Vua viatu, ingia. Tope likiishia kwenye kifundo cha mguu na chini yake ukakanyaga mchanga mgumu au changarawe, hapo pana mazungumzo. Likikufika magotini, achana napo. Zege la hapo litakaa juu ya uji. Litazama upande mmoja na kupasuka.

Chukua na upondo wenye alama za rangi kila nusu mita, upime kina kuanzia ukingoni mpaka penye mkondo. Anayetaka kushusha mtumbwi wa mvuvi mmoja na anayetaka boti la fiberi lenye injini hawahitaji kina kimoja. Mashine ikishalamba tope, utajua kwa bei ya vipuri.

Kufurika ni habari nyingine, maana mvua za huku kusini ni msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, na ukienda kiangazi huoni kitu. Hapo watafute wazee. Sisi tulimkuta nahodha mstaafu ameketi anashona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hapo mlipopigilia vigingi, wanangu, masika watu wanapita na mtumbwi."

Akanyanyuka, akatuonyesha mkwaju. Kwenye panda yake, usawa wa bega langu, kulikuwa na fungu la matete makavu, vifuu na kipande cha kandambili, vyote vimenaswa huko juu na mafuriko. Tangu siku hiyo naangalia miti kwanza kabla ya kuangalia ardhi. Pia kumbuka ukanda huu una historia ya tufani: ile ya mwaka 1952 iliipiga Lindi yenyewe, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa. Banda la injini na mafuta lisikae chini ya alama ya maji ya juu, hata kwa muda.

Halafu kona. Upande wa nje wa kona ya mto maji yana nguvu na hula ukingo. Upande wa ndani huangusha mchanga kila msimu. Tafuta kipande kilichonyooka. Wa Ruvuma mnalijua hili kuliko sisi, maana mafungu ya mchanga ya mto ule huhama, na pale Kilambo, mpakani na Msumbiji, kivuko huwa kinasubiri maji. Juu kwenye Ruvuma, ambako maji hutiririka upande mmoja tu, njia ya kushushia ielekee kidogo kule maji yaendako ili mkondo usikigeuze chombo. Lukuledi ya chini maji huenda na kurudi, kwa hiyo tuliiacha ikingamane na mto moja kwa moja.

Sasa hesabu ya zege, ambayo huwatisha wengi, na ni haki. Kwa trela, mteremko unaofaa ni kama mita 1 ya kushuka kwa kila mita 8 za kwenda mbele. Bamvua ni mita 3. Ongeza nusu mita juu na nusu mita chini, unapata mita 4. Zidisha kwa 8: mita 32 za zege, tena lenye mifereji ya kukingama ili tairi na miguu isiteleze kwenye ukoga. Kama vyombo vyenu ni madau na mitumbwi ya kusukuma kwa mikono, kwa nini mjitese? Changarawe iliyoshindiliwa na magogo ya kuviringishia yanatosha, na mteremko uwe wa taratibu zaidi.

Vibali vitangulie fundi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo anzeni na serikali ya kijiji, BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) na halmashauri, kisha Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Mkoko usikatwe hata mmoja bila kibali cha TFS, wakala wa misitu. Na si kwa kuogopa faini tu. Mizizi ile ndiyo inayoushika ukingo wenu.

Mkae pia na kina mama wanaonunua samaki na wanaofua hapo, mjue wanapita wapi na mamba huonekana wapi. Na mkubaliane mapema nani atakwangua tope kila masika yakiisha. Kwetu kila mwenye chombo hutoa mtu mmoja na koleo, asiyetoa hulipia kibarua.