Malaika wa kwenye machela

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mgeni aliyekaa kwetu alituachia kalenda ya picha za Ufini. Mwezi huu kuna wavulana wawili wamebeba malaika kwenye machela, kafungwa kitambaa machoni. Mjomba anasema hayo ni mazishi, anataka tuibandue isije ikatutia nuksi. Mimi naona ni ngano ya watoto. Ni ngano ipi, na kati yetu nani kapatia? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba tumwelewe, maana yule mvulana wa mbele, na kofia yake na suti nyeusi, kweli anatembea kama mtu anayesindikiza jeneza. Ila mwambie aitazame mikono ya malaika. Ameketi, kainamisha kichwa, na ameishikilia miti ya machela asianguke. Maiti hashikilii kitu. Bawa lina doa la damu na mkononi ana vijiua vyeupe, vile vinavyochipua huko kwao theluji inapoanza kuyeyuka. Huyo ni majeruhi, anapelekwa kutibiwa.

Na wewe pia hujapatia, usinichukie. Ngano hakuna. Mchoraji, Hugo Simberg, aliichora mwaka 1903 akiwa na miaka thelathini, na alipoipeleka kwenye maonyesho hakuipa hata jina. Jina la “Malaika Aliyejeruhiwa” lilikuja baadaye. Watu walimuuliza maana yake, akakataa katakata kuwaeleza. Kila mtazamaji ajionee mwenyewe.

Tunachokijua ni kwamba alikuwa ametoka kuugua sana, amelazwa hospitalini Helsinki kwa miezi. Hiyo njia wanayopita nayo si ya peponi. Ni njia ya kweli, kando ya ghuba ya Töölönlahti mjini Helsinki, kwenye bustani iitwayo Eläintarha. Enzi hizo hapo palikuwa na shule ya wasichana wasioona na makazi ya walemavu. Wavulana nao aliwapata kwa kupiga picha za kamera watoto waliokaa kama alivyowapanga, ndiyo maana buti zao ni nzito na koti la yule wa nyuma ni la mtoto wa kawaida kabisa. Malaika ndiye mgeni pale, wengine wote ni watu wa mtaani.

Ili uone Simberg alivyokuwa mtu wa peke yake, zingatia wenzake walikuwa wakichora nini. Ufini ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi tangu 1809, na wasomi wake walikuwa wakitafuta kitu cha kusema “hiki ni chetu”. Wakakipata kwenye Kalevala, utenzi ambao Elias Lönnrot aliutunga kutokana na nyimbo alizozikusanya vijijini, ukachapwa 1835 na kupanuliwa 1849. Gwiji wa kuuchora utenzi huo alikuwa Akseli Gallen-Kallela. Ndiye yule aliyekuja na mkewe na watoto wake kuishi Nairobi mwaka 1909, akachora mbuga na watu wa Kenya kwa rangi kali kweli kweli. Simberg alikuwa mwanafunzi wake, akikaa naye porini huko Ruovesi. Mwalimu anachora mashujaa wenye panga. Mwanafunzi, kwenye vikaratasi, anachora vishetani vyenye huruma na mifupa ya binadamu inayofanya kazi za nyumbani.

Kuna moja ya 1896 naipenda kuliko hata hiyo yenu. Ni ya rangi za maji, ndogo sana: “Bustani ya Mauti”. Sisi tumelelewa tukimwogopa Ziraili mtoa roho. Wa Simberg ni viunzi vitatu vya mifupa vyenye majoho meusi vinavyohudumia mimea kwenye vyungu. Kimoja kimekumbatia ua kifuani kama mama na kichanga. Mwenyewe aliandika kwamba hapo ndipo wafu wanapofikia kabla ya kwenda mbinguni.

Sasa rudi kwenye kalenda, umtazame mvulana wa nyuma. Mwenzake anaangalia njia, malaika kafungwa macho, yeye peke yake anakukodolea wewe. Darasani kwangu niliwahi kuibandika, watoto wa mbele waliuliza habari za bawa, lakini kijana mmoja wa dawati la nyuma akaniambia, “Mwalimu, huyu anadhani mimi ndiye niliyempiga jiwe.” Miaka thelathini ya chaki, sijasikia maelezo yanayoyashinda hayo.

Kuhusu nuksi, mwambie mjomba Simberg aliichora tena, kubwa zaidi, kwenye ukuta wa kanisa kuu la Tampere, na nyuma yao akaweka mabomba ya moshi ya viwanda vya mji ule. Waumini wanasali nayo tangu 1907. Ila akifika huko asiinue macho darini. Amemweka nyoka pale juu, ana tunda mdomoni.