Kwa nini fremu ya fundi ni ghali kuliko ya dukani

Dada umeuliza kwa nini fundi wa hapa Lamu anataka mara nne ya bei ya fremu ya dukani kwa picha ya harusi ya bibi yako. Usimkasirikie bado. Muulize kwanza ataweka nini nyuma ya kioo.

Mimi nilikimbilia rahisi. Picha ya marehemu baba niliitia fremu ya harakaharaka, kioo kimelala juu ya picha. Mvua za masika zilipita mara mbili tu, unyevu ukaingia, picha ikagandana na kioo. Nilipoibandua, shavu lake la kushoto likabaki kwenye kioo. Na picha ilikuwa hiyo moja.

Kinachozuia balaa hilo ni maunti, ile karatasi nene inayokatwa dirisha katikati. Huinua kioo kisiguse picha. Ila ndiyo inayopandisha bei, maana inakuza kila kitu: picha ya sentimita 40 kwa 60, ukiipa maunti ya sentimita 6 kila upande, inakuwa 52 kwa 72. Kioo kimezidi kwa zaidi ya nusu, na mbao imeongezeka karibu nusu mita. Mbao pana hula zaidi, kwa sababu kona hukatwa nyuzi 45 na vipande hutupwa. Hakikisha maunti haina asidi, la sivyo itageuka manjano na kuiachia picha madoa ya kahawia.

Kioo nacho kina safari: barabara hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha boti, kisha punda. Kikubwa kikipasuka njiani, hasara ni ya fundi, kwa hiyo huihesabu mapema. Kile kinachokinga miale ya jua ni ghali zaidi. Ukitundika picha mbali na mwanga, cha kawaida kitakufaa.

Mfuko ukibana, punguza kwenye nakshi. Mbambakofi iliyochongwa kwa mkono ni siku kadhaa za kazi, na fundi ana haki ya kulipwa, lakini mbao isiyo na nakshi hulinda picha vilevile.

Mwambie asiipake picha gundi mgongo mzima, aishike juu tu kwa vipande vya karatasi. Nyuma afunge kabisa wadudu wasipenye, na misumari iwe ya shaba, maana ya chuma huku huota kutu upesi. Na uipige skani kabla hujamwachia.