Mtoto wa mbwa haumii akipanda kochi, huumia akishuka

Pamba alikuwa na miezi minne na wiki moja. Jioni ile sebule ilikuwa imetoka kupigwa deki, naye akateremka kwenye kochi kama alivyozoea. Miguu ya mbele iligusa vigae ikateleza, kifua kikafuata, akatoa kilio ambacho sitaki kukisikia tena. Aliposimama, alisimama kwa miguu mitatu.

Pamba ni Japanese Spitz, wale mbwa weupe wenye manyoya mengi waliojaa kwenye fleti za Nairobi. Asubuhi daktari wa mifugo alimpiga picha ya eksirei akanionyesha mstari mwembamba kwenye mfupa wa mguu wa mbele, karibu sana na pale mfupa unaporefukia. Nikaanza kujitetea kwamba huwa namkataza kurukia kochi. Akaniambia, "Mama, huyu hakuumia akipanda. Ameumia akishuka."

Nilirudi nyumbani nikapima kochi. Kiti chake kiko sentimita 45 kutoka sakafuni, na Spitz aliyekomaa ana kimo cha sentimita 30 hadi 38 hivi begani. Yaani kochi ni refu kuliko mbwa mzima, sembuse mtoto. Akipanda, husukuma kwa miguu ya nyuma yenye misuli. Akishuka, kishindo chote hupokewa na miguu miwili ya mbele, ambayo kwa mbwa mdogo ni miembamba mno. Tena mifupa ya mtoto haijakomaa. Karibu na ncha zake kuna tabaka la gegedu ambalo ndilo linalokuza mfupa, na tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe. Likiharibika, mguu unaweza kukua umepinda au ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Kwa mbwa wadogo tabaka hizo hukomaa kati ya miezi 8 na 12 hivi. Kwa wakubwa kama German Shepherd huweza kufika miezi 18. Kwa hiyo wewe unayemwacha German Shepherd wa miezi sita aruke kutoka nyuma ya pikapu, tafadhali mshushe kwa mikono, hata kama ni mzito.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni sakafu. Tulikuwa na mkeka wa plastiki mbele ya kochi, nami nikidhani unasaidia, kumbe ulikuwa hatari zaidi kwa sababu wenyewe huteleza juu ya vigae. Niliutoa nikaweka zulia lenye mpira upande wa chini. Nikaanza pia kumkata kucha, na kumpunguza manyoya yanayoota katikati ya vidole vyake. Manyoya hayo yakirefuka hufunika nyayo, na mbwa anakuwa kama mtu anayetembea na soksi kwenye sakafu yenye maji.

Plasta ilipotolewa na daktari akaturuhusu, fundi seremala wa mtaani alinikatia ubao wa kupandia na kushukia kochi, wa sentimita 120 kwa 40, tukaupigilia kapeti kuukuu juu yake. Mwanzoni niliulaza chini kabisa, bila mwinuko wowote. Pamba aliutembelea akifuata vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa. Baada ya siku chache niliuinua kidogo kwa vitabu viwili, kisha vinne, na ilichukua karibu wiki mbili kufika kwenye kochi. Usimvute kwa kamba. Akiogopa, rudi hatua moja nyuma, umpe muda. Na mfundishe kushuka kwa bidii kuliko kupanda, maana kupanda hujifunza mwenyewe.

Mama mkwe alipokuja kututembelea aliuliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza: "Kwani ni lazima akae kochini?" Nilinunua mto mkubwa, nikauweka sakafuni karibu na miguu yangu. Jioni nyingi sasa anauchagua huo mwenyewe, kwa sababu alichokuwa akikitafuta kule juu ni kuwa karibu nasi.

Binti yangu wa miaka saba ilibidi nimfundishe upya. Alikuwa akimnyanyua kwa kumshika makwapa, miguu ya nyuma ikining'inia, na Pamba akijipindua huanguka. Sasa mkono mmoja unakaa chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, na hamwachii mpaka miguu yote minne iguse chini. Akitaka kumpakata, anakaa sakafuni kwanza.

Mbwa wako akianguka na hataki kabisa kukanyaga, au mguu umevimba, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Akichechemea kidogo, mzuie kukimbia, na ikifika kesho bado anachechemea, mpeleke. Nakuomba sana usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni inaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo, na parasetamoli huharibu ini. Mimi nilikuwa nimeshaishika parasetamoli mkononi usiku ule, na ninashukuru niliirudisha kabatini.

Leo Pamba ana miezi 13 na anatembea vizuri. Ubao bado uko sebuleni. Chumbani, ambako hautoshi, nimelaza godoro jembamba upande ule anaoshukia kitandani.